Mipigo 3,000 kamili: Kadi ya zamani na maisha ya Roberto Clemente

KADI yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu, upana wake inchi mbili na nusu na urefu wake inchi tatu na nusu. Inaenea katika kiganja cha mtoto. Mbele ina picha ya mchezaji wa besiboli akiwa kazini. Nyuma imejaa tarakimu ndogo ndogo zilizopangwa safu kwa safu, mithili ya ripoti ya shule. Ilitolewa huko Marekani mwaka 1973 na kampuni ya Topps, na katika seti ya mwaka huo ilikuwa kadi nambari 50.

Ukiushuka mgongo wa kadi hiyo hadi kwenye mstari wa jumla, kisha ukatafuta safu ya mipigo iliyofaulu, utakuta 3,000. Si 2,999 wala 3,001. Ni 3,000 kamili, hesabu nzuri ajabu, kana kwamba mtu aliipanga.

Hakuna aliyeipanga. Mwenye kadi, Roberto Clemente wa klabu ya Pittsburgh Pirates, alikuwa amekwisha kufa watoto wa Marekani walipokuwa wakifungua pakiti za chingamu na kuikuta kadi hiyo ndani. Hesabu hiyo haingeongezeka tena.

Huenda msomaji akauliza: sisi na besiboli wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini hakuna nyumba mjini isiyokuwa na karatasi ya tarakimu iliyofungiwa kabatini: ripoti ya muhula, matokeo ya mtihani, cheti cha mashindano. Twazitumia karatasi hizo kumpima mtoto, na pengine kumhukumu. Kadi ya Clemente yatufunza jinsi tarakimu zinavyoweza kumtetea mtu, na pia jinsi zinavyoweza kumwacha nje.

Besiboli kwa ufupi

Wale walioshangilia mwaka 1996 timu yetu ya kriketi ilipoishinda West Indies katika Kombe la Dunia hawatapata taabu kuuelewa mchezo huu. Kuna mtupaji wa mpira na kuna mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga mpira, hukimbia kuelekea kituo cha kwanza. Uwanja una vituo vinne, na anayevizunguka vyote akarudi alipoanzia huiletea timu yake alama moja.

Mpigaji akiupiga mpira na kufika kituoni salama kwa nguvu za mpigo wake, si kwa uzembe wa wapinzani, huandikiwa mpigo salama. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila wasiwasi. Mtupaji naye akitupa ovyo mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na zamu hiyo haihesabiwi kwenye wastani wake.

Wanafunzi wanaweza kuchukua kalamu. Katika misimu 18, kuanzia 1955 hadi 1972, Clemente alihesabiwa zamu 9,454 za kupiga. Gawanya mipigo salama 3,000 kwa 9,454, utapata 0.317. Huo ndio wastani wa maisha yake uwanjani.

Sasa toa 3,000 kutoka 9,454. Zinabaki zamu 6,454 ambazo hazikumpa mpigo salama. Kwa maneno mengine, katika kila zamu tatu, karibu mbili zilimpita hivi hivi. Mzazi akiletewa asilimia 32 katika hesabu, huenda nyumba isilalike usiku huo. Katika besiboli, mwenye kupata kiasi hicho kwa miaka 18 ni bingwa. Kabla ya Clemente, ni watu 10 tu waliokuwa wamefikisha mipigo 3,000 katika ligi kuu. Yeye alikuwa wa 11.

Funzo la kwanza la kadi basi ni hili: tarakimu haina maana mpaka ujue inapimwa kwa kipimo gani.

Kijana wa mashamba ya miwa

Roberto Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti, 1934 huko Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico kilicho chini ya Marekani. Baba yake, Melchor, alikuwa nyapara katika mashamba ya miwa. Mama yake aliitwa Luisa Walker. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kihispania.

Mwaka 1954 alisajiliwa na klabu ya Brooklyn Dodgers, ambayo ilimpeleka Montreal, Kanada, katika timu yake ya daraja la chini. Mwisho wa mwaka huo Pittsburgh Pirates, wakati huo wakiburura mkia katika ligi, walimchukua. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Jackie Robinson kuvunja, mwaka 1947, ukuta uliokuwa ukiwazuia watu weusi kucheza katika ligi kuu.

Clemente alikuwa mweusi, tena mgeni wa lugha. Timu ilipokwenda kufanya mazoezi katika jimbo la Florida, wachezaji weusi hawakuruhusiwa kulala katika hoteli moja na wenzao weupe. Safarini, wenzao waliposhuka kula mikahawani, wao walisubiri ndani ya basi waletewe chakula. Clemente hakuinyamazia dhuluma hiyo.

Kadi iliyombadilisha jina

Kadi za namna hii zilianza katika karne ya 19, zikitiwa ndani ya pakiti za sigara. Baadaye wauzaji wa chingamu waliona kwamba mteja wao hasa ni mtoto. Mwaka 1952 Topps, kampuni ya Brooklyn, New York, ilitoa seti kubwa yenye picha mbele na takwimu nyuma, na mtindo huo ukashika. Watoto walizibadilishana shuleni, wakazichezea kamari, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili zilie kama pikipiki. Akina mama nao walipofagia nyumba walizitupa jaani bila kujua. Ndiyo sababu chache zilizobaki safi zina thamani: mwaka 2016 nakala moja ya kadi ya kwanza ya Clemente, ile ya 1955, ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 400,000.

Kadi hiyo ya 1955 ilimwita Roberto, jina alilopewa na wazazi wake. Lakini kuanzia 1957 hadi 1969 kadi za Topps zilimwandika "Bob Clemente". Bob ni jina la Kizungu ambalo yeye mwenyewe hakulitaka. Watangazaji na waandishi walilitumia pia, kwa kuona kwamba Roberto halikai vizuri kinywani mwa Mmarekani.

Kwa miaka 13, basi, mtoto aliyenunua kadi yake alipata hesabu za kweli zilizoandikwa chini ya jina lisilo lake. Karani alihakikisha kila mpigo umenakiliwa sawasawa, lakini hakuna aliyemwuliza mwenye mipigo anaitwa nani. Ni mwaka 1970 tu ambapo kadi ilirudi kumwita Roberto.

Tarakimu zilipokuwa wakili wake

Hata hivyo, itakuwa makosa kuzilaumu takwimu peke yake, kwani kuna wakati zilisimama upande wake pale watu walipomwacha.

Baadhi ya waandishi wa magazeti walikuwa na tabia ya kuchapisha maneno yake kama yalivyotoka, pamoja na lafudhi na makosa ya Kiingereza, ili wasomaji wacheke. Mwisho wa mwaka 1954 gari lake liligongwa na dereva mlevi, akaumia uti wa mgongo, na maumivu hayo yalimwandama miaka mingi. Aliposema anaumwa, walimwita mtu wa kujisingizia ugonjwa.

Mwaka 1960 Pirates walitwaa ubingwa wa besiboli. Msimu huo Clemente alikuwa na wastani wa 0.314, na katika fainali alipata mpigo salama katika kila mechi kati ya mechi zote saba. Waandishi walipopiga kura ya kumchagua mchezaji bora wa ligi, walimweka katika nafasi ya nane. Jambo hilo lilimchoma moyo.

Alijibu kwa gongo. Mwaka 1961 wastani wake ulikuwa 0.351, wa juu kuliko wote katika ligi yake. Akaongoza tena mwaka 1964, akaongoza 1965, akaongoza 1967 kwa 0.357. Mwaka 1966 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mtu anaweza kuicheka lafudhi ya mwenzake, lakini hana namna ya kuicheka 0.357. Tarakimu haina lafudhi, wala haina rangi.

Kila mtoto wa maskini aliyewahi kuingia shule ya watoto wa wakubwa kwa alama zake mwenyewe aielewa nguvu hiyo.

Yasiyoingia kwenye safu

Lakini sasa tuutazame tena mstari wa jumla, tuone uliyoyaacha.

Clemente alilinda upande wa kulia wa uwanja, na mkono wake ulikuwa tishio. Aliweza kuuokota mpira karibu na ukuta, akautupa moja kwa moja hadi kituoni, na mkimbiaji akajikuta ametolewa. Alipata tuzo ya mlinzi bora mara 12 mfululizo, kuanzia 1961 hadi 1972. Lakini mgongo wa kadi ulikuwa wa hesabu za upigaji. Wakimbiaji walioogopa kuondoka kituoni kwa sababu tu Clemente ameushika mpira hawana safu yao.

Mechi za fainali nazo huhesabiwa kando. Mwaka 1960 na mwaka 1971 alicheza mechi 14 za fainali na kupata mpigo salama katika kila moja, jumla mipigo 21. Hata mmoja hauingii katika zile 3,000. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 37, alipiga kwa wastani wa 0.414 katika fainali dhidi ya Baltimore Orioles, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo.

Baada ya ushindi huo, akihojiwa mbele ya kamera za televisheni, aliomba kwanza ruhusa ya kusema na wazazi wake kwa Kihispania. Akawaombea wanawe baraka, na akawaomba wazazi wake wambariki. Kwa wengi wa watu wake, hayo ndiyo wanayoyakumbuka kuliko wastani wowote. Mtu aliyewahi kuchekwa kwa Kiingereza chake alisimama kwenye kilele cha mchezo na kuanza kwa lugha ya mama.

Mwezi mmoja kabla ya fainali hizo, tarehe 1 Septemba, 1971, Pirates waliingiza uwanjani kikosi cha watu tisa ambao wote walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hilo halikuwa limewahi kutokea katika ligi kuu. Clemente alikuwa miongoni mwao.

Kosa lililoichelewesha 3,000

Msimu wa 1972 ulianza Clemente akiwa na mipigo 2,882. Alihitaji 118 zaidi. Maumivu yalimfanya akose mechi nyingi, hata ikafika mwisho wa Septemba akiwa na 2,999.

Tarehe 29 Septemba, dhidi ya New York Mets, aliupiga mpira ukamfikia mlinzi wa kituo cha pili, ambaye hakuudhibiti. Clemente akafika salama. Ubao wa uwanjani ulionyesha kwamba ni mpigo salama, na watu wakaanza kushangilia. Kisha uamuzi ukaja: mwandishi rasmi wa mechi ameliona kuwa ni kosa la mlinzi. Shangwe zikakatika. Clemente akabaki na 2,999.

Hapa ndipo mwanafunzi wa hesabu anapaswa kutua kidogo. Twadhani takwimu ni kitu kigumu kama jiwe. Kumbe nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyeketi na kalamu, akatazama, akaamua.

Kesho yake, tarehe 30 Septemba, mbele ya watu kama elfu 13, aliupiga mpira wa Jon Matlack ukaangukia mbali upande wa kushoto, naye akafika kituo cha pili bila ubishi wowote. Huo ndio uliokuwa wa 3,000. Alisimama juu ya kituo akaivua kofia yake na kuiinua.

Baadaye aliingizwa uwanjani kwa muda mfupi ili aifikie rekodi ya klabu ya mechi nyingi, lakini hakupewa zamu ya kupiga. Timu ikaenda kwenye mechi za mtoano, ambazo hazihesabiwi, ikatolewa. Mwaka ujao, kila mtu alidhani, ataendelea kutoka 3,001.

Ndege ya misaada

Novemba 1972 Clemente alikuwa Managua, mji mkuu wa Nikaragua, akiifunza timu ya Puerto Rico katika mashindano ya ridhaa. Alipata marafiki huko. Tarehe 23 Desemba tetemeko la ardhi liliuangamiza mji huo na kuua maelfu ya watu.

Clemente alitumia siku za Krismasi akikusanya chakula, nguo na dawa mjini San Juan. Shehena za kwanza zilitumwa. Kisha zikamfikia habari kwamba wanajeshi wa mtawala Somoza walikuwa wakiinyakua misaada kabla haijawafikia waathiriwa. Aliamini kwamba akienda mwenyewe, hakuna askari atakayethubutu.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, familia nyingine zikijiandaa kuukaribisha mwaka mpya, aliagana na mkewe, Vera, akapanda ndege kuukuu aina ya DC-7 pamoja na watu wengine wanne. Ndege ilikuwa imepakiwa kupita uzito unaoruhusiwa. Muda mfupi baada ya kuruka ilianguka baharini karibu na pwani. Hakuna aliyenusurika. Mchezaji mwenzake, Manny Sanguillen, alijiunga na wapiga mbizi kumtafuta, lakini mwili wa Clemente haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 38, akaacha watoto watatu wa kiume.

Alizoea kusema kwamba mtu aliyepata nafasi ya kuwafaa wengine asiitumie, anapoteza wakati wake duniani.

Kusahihisha kumbukumbu

Kanuni za Jumba la Mashujaa wa Besiboli zilitaka mchezaji angoje miaka mitano kabla ya kuingizwa. Kwa Clemente kanuni hiyo iliwekwa kando. Katika kura maalumu ya 1973 alipata kura 393 kati ya 424, akawa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuingizwa humo. Tuzo ya ligi kuu kwa mchezaji anayewatumikia wananchi ilipewa jina lake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa: jezi yake nambari 21 ilistaafishwa Pittsburgh, daraja la mji likaitwa kwa jina lake, na katika uwanja uliofunguliwa mwaka 2001 ukuta wa upande wa kulia ulijengwa kwa kimo cha futi 21.

Hata hivyo, bamba la shaba lililowekwa ndani ya Jumba hilo mwaka 1973 liliandikwa "Roberto Walker Clemente". Kwa desturi ya Kihispania jina la baba hutangulia na la mama hufuata, hivyo alikuwa Roberto Clemente Walker. Kosa hilo lilidumu hadi mwaka 2000, bamba jipya lilipotengenezwa.

Takwimu zenyewe bado zinasahihishwa. Mwaka 2024 ligi kuu ya Marekani iliziingiza rasmi hesabu za ligi za watu weusi zilizochezwa enzi za ubaguzi. Mara moja Josh Gibson, aliyepigia vilabu vya Pittsburgh na vitongoji vyake lakini hakuruhusiwa kugusa ligi kuu, akapanda juu ya orodha ya wastani wa maisha kwa 0.372. Gibson alikufa mwaka 1947. Mipigo yake ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni nani anayestahili kuhesabiwa.

Ripoti ya muhula ijayo itakapoletwa nyumbani, isomwe, na alama zisemwe wazi, kwani kwa mtoto asiye na mtetezi alama huwa ndiye wakili wake. Lakini mzazi na aulize pia yale yasiyo na safu: ni nani aliyemsaidia mwenzake kusoma, ni nani aliyetembea na mgonjwa hadi zahanati, ni nani aliyerudi nyumbani analia kwa kuitwa jina lisilo lake. Kadi ya 1973 yasema mipigo 3,000, na hiyo ni kweli tupu. Shehena iliyozama katika bahari ya Puerto Rico usiku wa kuamkia mwaka mpya haimo katika safu yoyote, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kumkumbuka Roberto Clemente.